Shajara ya Mradi: Ramani ya Uoto wa Dunia Ukutani na Mstari wa Mikoko Kunduchi

Jumamosi, 1 Machi 2025

Leo tumeanza rasmi. Ukuta tuliopewa ni ule wa nyuma ya maktaba, wenye urefu wa mita sita na kimo cha mita mbili na nusu, unaotazama uwanja, kwa hiyo kila mwanafunzi atapita mbele yake angalau mara mbili kwa siku. Klabu ya mazingira ina wanafunzi 22 wa kidato cha pili na cha tatu. Mimi, mwalimu wao wa jiografia, ndiye nitakayeandika shajara hii, ili atakayeipokea klabu baadaye ajue tulifanya nini na kwa sababu gani.

Mradi una sehemu mbili: ramani ya dunia itakayoonyesha kanda kuu za uoto, yaani zile ambazo wanasayansi huziita bayomu, na kipande cha mikoko ya Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam, tutakachokichunguza kila baada ya wiki mbili. Walimu wenzangu wameniuliza kwa nini nisichague moja. Ramani peke yake humwonyesha mwanafunzi kwamba jangwa liko huku na msitu uko kule, bila kumweleza ni kitu gani kinachouweka msitu hai. Na mikoko peke yake humwonyesha jinsi uhai unavyojiendesha mahali pamoja, bila kumweleza kwa nini mikoko hiyo haioti Moshi wala Urusi. Nataka wanafunzi hawa wavishike vyote viwili kwa wakati mmoja.

Tumeandika ubaoni maana ya mfumo ikolojia kwa maneno yetu wenyewe: viumbe hai wa mahali fulani, pamoja na maji, udongo, hewa, joto na mwanga, vyote vikihesabiwa kuwa kitu kimoja kwa sababu hakuna kinachoweza kuelezwa bila kingine. Mwingereza Arthur Tansley, aliyeliingiza neno hilo katika maandishi ya sayansi mwaka 1935, alishikilia jambo hilo hasa, kwamba kiumbe hakitenganiki na mazingira yake yasiyo na uhai. Nimewaomba wasiikariri sentensi ile. Wataikuta matopeni.

Jumamosi, 15 Machi

Mwezi ulikuwa mpevu jana, kwa hiyo tuko katika bamvua, yaani siku ambazo maji ya bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, na kufikia saa nne asubuhi maji yalikuwa yamekupwa mbali kabisa. Tulitoka mapema kwa kuwa karibu nusu ya wanafunzi wamefunga, na sikutaka jua la saa saba liwakute nje. Tulishuka Mtongani, tukatembea hadi kwenye mikoko iliyo upande wa mashamba ya chumvi, tukanyoosha kamba ya katani ya mita 100 kutoka ukingo wa nchi kavu kuelekea mkondo wa maji, tukiwa tumeipiga fundo kila baada ya mita kumi.

Tulikuwa hatujamaliza kuifunga kamba pale mzee mmoja mvuvi alipotujia. Wanafunzi walimwamkia, "Shikamoo, babu," akaitikia, "Marahaba, wanangu. Na hapa napo mnapima viwanja?" Nilimweleza kwamba hatupimi kwa ajili ya kujenga, bali tunataka kujua mti gani unaota wapi na kwa nini. Uso wake ulibadilika, akaweka ndoo yake chini, akatembea nasi kamba nzima akitutajia majina. Mlilana unakaa mbele, ukipigwa na maji kila siku, nao ndio unaotoa mataruma ya mashua. Nyuma yake ni mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyojitanua kama miguu ya buibui, ambao ndio uliokuwa ukitoa boriti za nyumba zetu za pwani na zile zilizosafirishwa hadi Uarabuni. Kisha mkandaa, ambao gome lake hutiwa katika rangi. Mwisho, karibu na chumvi, ni mchu.

Mita 100 tu, na tumepita jamii nne za miti. Kinachobadilika njiani ni muda ambao mizizi hukaa majini na ukali wa chumvi iliyomo katika tope. Kule mbele maji ya bahari huosha tope kila yajaapo, ilhali huku nyuma maji hufika wakati wa bamvua peke yake, kisha jua huyakausha na kuiacha chumvi nyuma, mpaka inakuwa kali kuliko ya bahari yenyewe. Mchu unaistahimili kwa sababu huitoa kupitia majani yake, na wanafunzi wasiofunga walilamba jani moja mmoja wakahakikisha. Mkoko wenyewe hutumia njia nyingine: huizuia sehemu kubwa ya chumvi mlangoni, kwenye mizizi.

Tuliinama tukachimba tope kwa mikono hadi urefu wa kiganja. Juu ni rangi ya kahawia, chini ni jeusi kabisa, na harufu yake ni ya yai viza. Nimewaeleza kwamba tope hilo limeshiba maji kiasi kwamba oksijeni haipenyi, na bakteria waishio humo hutumia salfeti ya maji ya bahari mahali pa oksijeni, na kwa kufanya hivyo hutoa gesi yenye harufu ile. Ndiyo maana mchu umesimamisha maelfu ya vijizizi kama penseli vinavyochungulia juu ya tope: mti unavuta hewa juu kwa sababu chini hakuna. Ukingoni mwa shimo la kaa tope lilikuwa la kahawia hadi chini kabisa. Yule kaa, kwa kujichimbia nyumba yake, ameipitishia mizizi ya jirani hewa. Msichana mmoja wa kidato cha pili alikaa kimya akilitazama shimo lile kwa muda mrefu, na sikumharakisha.

Kabla ya kuondoka tumefunga mifuko 24 kwenye mizizi. Kila mfuko una gramu 20 za majani ya manjano yaliyokwisha kuanguka, nusu ya mifuko ikiwa na ya mchu na nusu ya mkoko. Mifuko 12 imeshonwa kwa chandarua, ambacho kaa hawezi kupita, na 12 kwa wavu wa zamani wa kuvulia. Tutaitoa minane minane kila bamvua, tuone nani anayemaliza majani.

Jumatano, 19 Machi

Kazi ya ukutani imeanza vibaya, na ni vizuri imekuwa mapema. Fundi wetu, ambaye riziki yake ni kuchora mabango ya maduka na saluni, ana mkono safi sana. Alichora mabara yote kwa siku moja, kisha akabandika tepu ya karatasi kwenye mipaka ya kanda ili kila rangi iishie kwenye mstari ulionyooka. Kijani kibichi kilipita kuzunguka Ikweta yote kama mkanda wa kiunoni. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa ameshika kopo la rangi akauliza, "Mwalimu, sisi tuko hapa karibu kabisa na Ikweta. Mbona hatuko ndani ya msitu wa mvua?"

Swali hilo ndilo lililosimamisha kazi, na lilistahili. Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa Ikweta. Ukifuata latitudo hiyo hiyo kuelekea magharibi utagusa ukingo wa misitu ya Kongo, na ukivuka Atlantiki utakuta misitu ya Amazoni. Sisi hapa tunapata mvua ya takriban milimita 1,100 kwa mwaka, tena kwa vipindi, masika na vuli, na kati yake miezi mikavu. Ilhali sehemu kubwa ya Amazoni hupata zaidi ya milimita 2,000.

Nikafuta ubao wa darasani nikaanza na jua. Pale jua linapokaribia utosi, hewa hupata joto, hupanda, hupoa, na mvuke wake hurudi chini kuwa mvua. Hewa iliyokwisha kutoa maji yake husafiri juu kuelekea kaskazini na kusini, kisha hushuka karibu na latitudo 30, na hewa inayoshuka hupata joto na kuzuia mawingu yasijengeke. Ndiyo sababu majangwa makubwa yamejipanga pande mbili za Ikweta kama ndugu walioachana: Sahara na Arabia kaskazini, Kalahari na majangwa ya Australia kusini. Namibi na Atacama zina sababu ya nyongeza, kwani pwani zake zinapitiwa na mikondo ya bahari yenye baridi, inayopoza hewa ya chini na kuinyima nguvu ya kupanda, kwa hiyo jangwa linafika hadi kwenye mawimbi.

Sasa kwetu. Kaskazi na kusi, pepo ambazo wazee wetu walisafiria kwa majahazi, zinapita kwa kiasi kikubwa sambamba na pwani badala ya kuivaa moja kwa moja, na mvua nyingi huja katika miezi ambayo pepo hizo zinabadilishana zamu. Pale pepo zinapokutana na ukuta wa milima, hewa hulazimika kupanda, na mvua huongezeka papo hapo. Miteremko ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, inayotazama bahari ina misitu minene yenye unyevunyevu, na mto Ruvu, unaotuletea sehemu kubwa ya maji ya bomba hapa jijini, chanzo chake kiko huko. Ukivuka milima na kufika Dodoma, mvua haifiki milimita 600 kwa mwaka, na uoto unakuwa wa vichaka na miti ya miiba. Hakuna aliyehamisha Ikweta kati ya Morogoro na Dodoma. Upepo na mlima ndivyo vilivyofanya kazi hiyo.

Nilimwomba fundi atuwie radhi, tukapaka chokaa juu ya Afrika ya Mashariki na kuianza upya. Uamuzi wa leo ni kwamba kabla ya rangi yoyote ya uoto, ukuta utachorwa mishale ya pepo, mikondo ya bahari na safu za milima, kwa penseli nyeusi ambayo itaendelea kuonekana chini ya rangi.

Jumamosi, 29 Machi

Leo ni mwezi mpya, bamvua imerudi. Mifuko miwili haikuonekana; nadhani fundo zilikuwa dhaifu, na zijazo zitafungwa na wanafunzi wawili wawili. Sita tulizopata tumezisuuza kwa maji safi, tumezianika kivulini na tutazipima zikikauka kabisa, tukilinganisha na majani tuliyoyakausha siku ya kwanza.

Hata kabla ya mizani, macho yanaona. Ndani ya chandarua majani ya mkoko yamegeuka meusi lakini ni mazima, yakiwa na utelezi. Katika wavu wa kuvulia yamechanwachanwa, na jani moja limebaki mshipa wa katikati tu. Majani ya mchu yamelainika zaidi kila mahali, hata ndani ya chandarua. Ni membamba, na hayana ukakasi mwingi kama wa mkoko, ambao huwachelewesha bakteria na kuvu.

Tumejadiliana jambo moja ambalo nataka libaki kwenye kumbukumbu: kilichopungua katika mfuko wa wavu si lazima kiwe kimeoza. Kaa huyavuta majani hadi shimoni, mengine akayala na mengine akayaacha yalowe, kwa hiyo mizani yetu inapima kutoweka kwa jani, ambako ndani yake kuna kuoza na kubebwa. Hatutaandika neno "kuoza" peke yake kwenye jedwali.

Alhamisi, 10 Aprili

Masika imetukamata. Mvua ya juzi usiku ilikuja na upepo, turubai likafunguka upande mmoja, na rangi ya maji tuliyokuwa tumetumia kwa Afrika ikatiririka. Asubuhi tulikuta kijani cha misitu ya Kongo kimeingia katika manjano ya savana na savana imeingia katika jangwa. Wanafunzi walihuzunika. Mimi nilitazama kwa muda, nikamwita fundi, tukakubaliana kwamba mpaka ule uliochanganyika una ukweli zaidi kuliko ule wa tepu. Kunduchi hatukupata hata sehemu moja ambayo mkoko unakoma na mkandaa kuanza kwa hatua moja; kati ya fundo la nne na la sita miti hiyo imechanganyika. Kati ya msitu wa Kongo na Sahara ni vivyo hivyo, mvua inapungua kidogo kidogo kwa mamia ya kilomita, na miti inapungua pamoja nayo hadi Saheli. Tutapaka upya kwa rangi ya mafuta, lakini mipaka itasuguliwa kwa sifongo.

Mipaka hiyo, tena, haiamuliwi na mvua na joto peke yake, na hapa nilitumia kipindi kizima kuhusu Serengeti kwa sababu sijui mfano bora kuliko huo duniani, nao ni wetu. Mwishoni mwa karne ya 19 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki ukaua ng'ombe wengi mno, pamoja na nyati na nyumbu. Ng'ombe wa wafugaji walipochanjwa, ugonjwa ulitoweka pia kwa wanyama wa porini mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyumbu waliokuwa karibu 250,000 wakaongezeka hadi kupita milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyumbu wengi walikula nyasi nyingi, nyasi zilizobaki kukauka zikawa chache, moto wa kiangazi ukakosa kuni, miche ya miti iliyokuwa ikiungua kila mwaka ikapata nafasi ya kukua, na miti ikaongezeka. Sindano iliyochomwa kwenye nyonga ya ng'ombe imebadilisha idadi ya miti mbugani. Nilipofika mwisho wa mlolongo huo darasa lilikuwa kimya, kisha mtu akaomba niurudie.

Miombo nayo imepata nafasi yake, kuanzia magharibi na kusini mwa nchi yetu kupitia Zambia hadi Angola. Udongo wake ni dhaifu, na miti yake mingi hushirikiana na kuvu mizizini ili kupata virutubisho. Uyoga unaouzwa kandokando ya barabara za Tabora wakati wa mvua mwingi ni matunda ya ushirikiano huo.

Taiga na tundra tumezipitia haraka. Taiga ni mkanda wa misonobari na jamaa zake unaozunguka Skandinavia, Urusi na Kanada, mmojawapo wa mikanda mikubwa kabisa ya nchi kavu, na kaskazini yake ni tundra, ambako chini ya udongo wa juu kuna ardhi iliyoganda mwaka hadi mwaka na miti haina pa kuzamisha mizizi.

Jumamosi, 12 Aprili

Mifuko minane yote ilipatikana. Katika wavu wa majani ya mchu tulikuta tope na vipande visivyojaza kiganja. Karibu na fundo la tano, tondo, wale konokono wa mikokoni, zaidi ya kumi walikuwa wamelizunguka jani moja la mkoko wakilila kutoka ukingoni.

Tumeanza kuchora utando wa chakula wa pale pale: jani, kuvu na bakteria, kaa na tondo, samaki wanaoingia na maji yanapojaa, kisha ndege na mvuvi. Mwanafunzi mmoja alitaka kuchora kila mshale kwa unene mmoja. Nilimweleza kazi ya Mmarekani Raymond Lindeman ya mwaka 1942, aliyefuatilia nishati katika ziwa dogo na kuonyesha jinsi inavyopungua kila inapopanda ngazi; kwa makadirio ya kawaida, takriban sehemu moja kati ya kumi ndiyo hufika ngazi inayofuata, na nyingine hutumika katika kupumua na kutembea na hupotea kama joto, au hubaki katika mabaki yanayowaendea waozeshaji. Virutubisho huzunguka na kurudi, nishati hupita mara moja tu, na ndiyo maana jua haliwezi kukosa hata siku moja. Mishale imechorwa upya, mnene chini na mwembamba juu. Babu wa siku ile alipita akaitazama karatasi, akasema mbele ya mvuvi tumesahau kunguru.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, na bado wanafunzi 17 walifika. Mifuko minane ya mwisho imetolewa. Katika wavu majani ya mchu hayapo tena, ya mkoko yamebaki mishipa. Katika chandarua yote mawili bado yapo, mchu ukiwa kama uji na mkoko ukikunjika bila kukatika. Jedwali la uzito litakamilika wiki ijayo, likionyesha kila mfuko peke yake, na mifuko miwili iliyopotea ikiandikwa kuwa imepotea.

Ukuta uko karibu kukamilika. Pembeni tumeongeza mchoro wa Kilimanjaro, mita 5,895, kuanzia savana ya chini, vihamba, msitu wa mlimani, vichaka vya baridi, hadi jangwa la juu na barafu, kwa kuwa joto hupungua kwa takriban nyuzi sita kila unapopanda mita 1,000. Nimesisitiza maandishi yaliyo chini yake: mlima huu unafanana na safari ya kwenda ncha ya dunia kwa baridi, lakini si kwa majira, kwa sababu kule juu usiku huganda na mchana huyeyuka mwaka mzima, ilhali tundra ina miezi ya giza na miezi ya mwanga.

Kilichobaki ni mikoko yenyewe. Kwa kipimo cha ukuta wetu, ukanda wake ni mwembamba kuliko ncha ya brashi ndogo ya fundi, ukizifuata pwani za joto kati ya latitudo 30 kaskazini na 30 kusini, kwa sehemu kubwa, kwa kuwa jalidi huiua miche yake. Fundi alishauri tuiache. Wanafunzi wamekataa. Yule msichana wa kidato cha pili amechonga njiti ya kiberiti, na Jumatatu baada ya vipindi ataanza kuichora kwa nukta, kutoka delta ya Rufiji kuja juu.